Shoka la Mzee Kiwia

Kaeni mkao wa kusikiliza, na msiniharakishe, maana hadithi hii imeshagombanisha mtu na mkewe.

Huko Kilimanjaro walikuwako wapagazi watatu. Foya aliweza kubeba mizigo ya watu wawili huku akipiga mluzi. Ndesario hakujua woga; mama yake alisema alizaliwa bila kiungo hicho. Na Manka, aliyekulia katika kazi ya kukata majani ya ng'ombe, alikuwa na mikono mepesi: jicho likiona, mkono umeshatenda.

Mzee Kiwia, kiongozi wa barafuni, magoti yalikuwa yamemchoka. Akawaita. "Kipupwe hiki nawafundisha barafu. Atakayefaa nitampa shoka langu, naye ataongoza watu badala yangu. Wawili watarudi kwenye mizigo."

Manka alilitaka shoka lile mpaka usingizi ukampaa. Miaka sita ya mizigo kichwani ilikuwa imemharibia shingo, na mlango mwingine wa kutokea hakuuona.

Siku ya tatu walipanda jua likiwaka. Mzee akawafunza kufunga meno ya chuma chini ya viatu, kuchoma shoka kwenye barafu, kuungana kwa kamba. Mara wingu likashuka, likapanda, likashuka tena.

"Mlima huu hauna adabu," Mzee akasema. "Tugeuke. Manka, nifunge kamba upya."

Manka akafunga haraka haraka, na vidole vikatenda vilichozoea: fundo la mzigo wa majani, lile unalolivuta mara moja likafunguka ukifika zizini. Hakujua kosa lake mpaka dhoruba ilipowavamia. Mzee akateleza, shoka likamponyoka, kamba ikakaza, fundo likaachia. Akatumbukia kwenye ufa wa barafu.

"Nimeua baba wa watu!" Manka akapiga yowe.

"Nyamaza! Nishusheni!" Ndesario akafoka, kamba imeshamzunguka kiunoni.

Huko chini Ndesario alikuta baridi imemwingia Mzee akilini. Mzee anavua koti, anapiga mateke, anamng'ata mkono anayemwokoa, na mapande ya barafu yanawaangukia wote wawili. Ndesario akakunja ngumi, akampiga mtu wa umri wa babu yake mpaka taya likavunjika. Kisha akamfunga kama mbuzi.

Juu, Foya aliketi ameishika kamba yenye uzito wa watu wawili. Ikapasua glavu, ikapasua ngozi, ikafika mfupani. Damu ikaganda kambani. Alitukana, alilia, hakuachia. Vidole viwili alivipoteza siku ile.

Mvua ya mawe ikaja, na Foya akaanza kuburutwa kuelekea ufa. Manka akaokota shoka la Mzee, akalipigilia kwa nguvu zake zote kupitia suruali ya Foya, kupitia nyama ya paja, hadi kwenye barafu. Foya akanguruma, lakini akakwama hapo hapo.

"Vuta, kaka yangu!" Manka akamwambia huku akilia, naye akaishika kamba. "Vuta, utanitukana baadaye!"

Walishuka wanne, wote hai.

Sasa, kwa Wachagga anayekuletea jani la isale akiomba radhi humfukuzi. Ndesario alileta isale kwa ajili ya taya. Manka alileta mawili, moja la fundo, moja la paja. Yote yalipokelewa, kinyongo kikaisha. Shoka ndilo lililobaki.

"Bila mimi Mzee angefia kule chini," Ndesario akasema.

Foya akainua mkono wenye vidole vitatu. "Na bila huu?"

"Bila mimi mngezikwa wote watatu," Manka akasema.

"Bila wewe asingeanguka, dada!" Ndesario akadakia.

Manka akainamisha macho. Ilikuwa kweli, ikamchoma, na bado alilitaka shoka lile.

Mzee Kiwia, taya limefungwa kwa kitambaa, hakuweza kutamka neno. Akalinyoosha shoka mbele yao, akawatazama kaka wawili, akamtazama dada, machozi yakamtoka. Kisha akawageukia majirani waliojaa uani kwake, ili waamue wao.

Majirani mpaka leo wanabishana. Je, ninyi mngelitia shoka hilo mkononi mwa nani?