Mjumbe Aliyepewa Nafasi ya Tatu

Hadithi, hadithi!
— Ilete, tumekaa!
Ikiwa ya uongo?
— Itie chumvi, tutaila!

Mwaka wa ukame, mwezi wa Rajabu, Shakoni ilipoteza mji wa mwisho kati ya miji saba iliyokuwa chini yake. Miji ikaenda, nyimbo zikabaki.

Desturi ilikuwa hii: kila Alhamisi mpiga mbiu huita miji saba, wajumbe wake huitika, "Lebeka!" Sasa aitike nani? Watu wa Shakoni wakavaa nguo za wajumbe, wakaitika wenyewe. Seremala akawa mjumbe. Muuza maji akawa mjumbe. Ikawa ngoma, ikawa mashindano. Mtama hakuna, vilemba tele. Mnacheka? Chekeni. La kuvunda halina ubani.

Alhamisi moja mpiga mbiu akaita mji mmoja wa ile saba, "Pandeni!" Mgeni mwenye vumbi miguuni akasimama.

"Mimi Nassibu, mjumbe wa Pandeni. Tuna mtama. Tutawapa, Sultani akimwita mfalme wetu ndugu."

"Vumbi hilo umejipaka wapi, bwana?" mmoja akauliza.

"Mimi mjumbe kweli."

Wakapiga makofi.

"Wallahi, mjumbe kweli!" Nassibu akaapa.

Wakapiga vigelegele. Sultani, ndiye mwamuzi, akampa nafasi ya tatu. "Unaigiza vizuri, ila lafudhi ya Pandeni hujaipata."

Nassibu akamgeuza punda wake aondoke.

Bi Rehani, mshonaji wa nguo za ngoma, aliiona darizi ya kanzu ya mgeni. Miaka mitatu alijaribu kuiiga, sindano ikamshinda. Huyu katoka Pandeni! Na wanawe wawili hawajala tangu juzi. Aseme? Nani atamwamini?

Akavaa joho la mchezo, akaruka uwanjani.

"We Nassibu! Mimi Sultani wa Shakoni!"

"Haya mama, tutawale!" watu wakapiga kelele.

"Mwambie mfalme wako: ni ndugu yangu. Ndugu yangu. Ndugu yangu, na kwangu kuna njaa."

Nassibu akamtazama. Akatoa barua ya undugu. "Na muhuri?"

Bi Rehani akamnyooshea Sultani mkono. "Bwana, mchezo bila pete haunogi."

Sultani alikuwa anacheka mpaka machozi. Akaivua pete yake ya muhuri. Bi Rehani akapiga muhuri.

Mtama uliingia Jumapili asubuhi, punda arobaini. Sultani alikunywa mabakuli mawili ya uji. Hakuuliza umetoka wapi.

Hapo nimeitua.
— Tumeipokea!
Tamu gawaneni.
— Chungu rudi nayo!