Mgeni Asiye na Haraka

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi huitaja methali hii sinia linapotua mkekani, wakimaanisha kwamba siku ya mgeni hata mwenye nyumba hula kilichonona. Maana hiyo ni sahihi. Hata hivyo ipo nyingine iliyo chungu zaidi, na bonde letu katika milima ya Atlas, nchini Moroko, liliishuhudia nyumbani kwa mjane aitwaye Itto.

Itto alikuwa mfumaji wa mazulia, na binti yake wa pekee, Tuda, alikuwa mfumaji kumshinda. Tuda alishikwa na uchungu wa uzazi theluji ikiwa imefunga njia. Wakampakia juu ya nyumbu wa mizigo kumpeleka zahanati, naye akafia njiani pamoja na kichanga chake. Majirani walijaa nyumbani, kila mmoja na neno lile lile: "Usilie, Itto. Ni kazi ya Mungu." Itto akatii. Machozi yakamganda moyoni kama maji ya mfereji wakati wa baridi. Zulia ambalo binti yake aliliacha nusu likafunikwa shuka, na jina la Tuda likawa mwiko. Tangu hapo maneno ya Itto yakawa ya kuhesabika: ndiyo, hapana, funga mlango.

Wasafiri hawakukosa kupita. Walishuka garini, wakapiga picha mlima, wakanywa chai, wakaondoka bilauri zikiwa bado za moto. Shemeji yake Itto, Bassou, ndiye aliyewatafutia vyumba waliotaka kulala. Vuli moja alimpokea mwanamke wa makamo kutoka Sfax, Tunisia, jina lake Wassila, aliyekuja kwa miguu akizunguka vijiji polepole.

"Utalala usiku mmoja au miwili, dada?" Bassou akamwuliza kwa Kiarabu.

"Mpaka mtakaponichoka."

Bassou akacheka. "Mwenye nyumba alituchoka sote kabla hujafika. Karibu."

Wassila alijua Kiarabu. Itto alizungumza Kiamazighi. Basi mgeni akaanza upya kama mtoto mchanga: akateka maji, akachambua sufu, akakanda unga, akiuliza jina la kila alichoshika. Mkate wake wa kwanza ulitoka mweusi kama mkaa.

"Huu ni mkate au kwato ya punda?" Itto akauliza.

Wassila alidaka neno moja tu. "Punda? Ameshakula?"

Itto akageuka upande, mabega yakamtikisika. Bassou aliyekuwa akipanga kuni akaduwaa. Hakuwa amemwona shemeji yake akicheka tangu mazishi.

Theluji ikaanguka, wasafiri wengine wakatoweka, Wassila akabaki. Alikwenda chemchemini kuosha sufu na wanawake wa kijiji, akajifunza nyimbo zao. Alasiri moja, akichambua sufu kando ya Itto, akaimba mmojawapo kwa sauti ya chini. Itto akaangusha chanuo.

"Nani kakufundisha huo?"

"Wanawake wa chemchemini, mama Itto. Nimekosea maneno?"

"Toka. Toka nyumbani mwangu."

Wassila akachukua koti lake, akaketi nje penye ngazi. Bassou akamkuta hapo, theluji imemtanda mabegani.

"Twende kwangu, mke wangu ameinjika supu. Huyu akikasirika ni kama jabali. Kesho nitakushusha sokoni, upate gari."

"Sijui nimemkosea nini, kaka. Nikiondoka sasa, sitajua kamwe."

Bassou akainamisha kichwa. Akamweleza kwamba wimbo ule Tuda aliupenda kuuimba akifuma, na wenzake waliuokota kwake. Akaeleza na habari ya nyumbu na theluji. Wassila alisikiliza mpaka mwisho, lakini hakuinuka.

Jua lilikuwa likielekea mlimani mlango ulipofunguliwa. "Ingia," Itto akasema. "Ukifa kwa baridi watasema nimeua mgeni."

Ndani, Itto akaliondoa shuka juu ya zulia. Akaanza kusema, kwanza kwa kukwama, kisha kama mto uliovunja kingo. Alisema jinsi Tuda alivyomshika mkono juu ya nyumbu. Theluji ilikuwa ikimwangukia usoni, ikiyeyuka, naye mama mtu akimfuta. "Nilimfuta, nikamfuta. Halafu nikaona theluji haiyeyuki tena."

Wassila alitamani kumfariji, lakini maneno aliyoyajua yalikuwa ya unga, maji, sufu na punda. Hakuwa na neno la kumkataza kulia. Akamshika mkono tu.

Ndipo Itto alipoangua kilio. Kilisikika hadi ng'ambo ya mto, na majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba mpya. Bassou akasimama mlangoni, macho yamemjaa maji.

"Mwacheni," akasema. "Leo ndiyo matanga ya Tuda."

Theluji ilipoyeyuka, Itto hakuwa mtu wa furaha. Alilia akikanda unga, alilia akifuma. Lakini alimtaja Tuda, akaenda kaburini na wanawake wenzake, na mchana mlango wake haukufungwa tena. Siku ya kuondoka, alimsindikiza mgeni wake hadi kivukoni.

"Kwenu, mtu akisafiri mnafanyaje?"

"Tunamwaga maji nyuma yake, ili arudi."

Itto akachota maji ya mto kwa viganja, akayamwaga njiani. Wassila akaenda bila kugeuka, kwa kuwa naye alikuwa akilia. Itto akabaki ukingoni, machozi yakimtiririka bila kujifuta. Wanawake waliokuwa wakiosha sufu wakaacha kazi, wakaja kumzunguka. Hakuna aliyemwambia anyamaze, walilia naye. Hakika, mgeni njoo, mwenyeji apone.