Kiti cha Mzee Makame

Hapo zamani, zamani ya karibu tu ambayo shangazi zenu waliiwahi, palikuwa na chama cha taarab mjini Unguja kikiitwa Raha ya Nyoyo. Kilikuwa chama kikubwa, chenye fidla kumi, kanuni, udi, nai, akodiani na ngoma zake. Na kama mgomba usivyokosa machipukizi, chama hicho nacho kilikuwa na chipukizi wake, vijana ishirini waliojifunza ghorofa ya chini huku wakubwa wakipiga ghorofa ya juu. Mwalimu wao alikuwa Bi Mwatima, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye naye alianzia huko huko chini akiwa na miaka kumi na miwili.

Desturi ya chama ilikuwa moja. Mkubwa akistaafu, kiti chake hupewa chipukizi mmoja. Mmoja tu.

Basi mwaka huo vidole vya Mzee Makame, mpigaji wa fidla ya kwanza, vilikakamaa. Akasema, "Kiti nakitoa kwa moyo mweupe. Ila siku ya kuniaga nipigieni bashrafu aliyoitunga mwenzangu, marehemu Burhani. Ndiyo tuliyofungulia chama hiki."

Bashrafu ni muziki usio na maneno, unaofungua taarab. Wakubwa wakalifungua kabati la nota. Lo! Mchwa walikuwa wameimaliza. Karatasi iligeuka vumbi mkononi.

Wakati huo wapiga fidla hodari wa chipukizi walikuwa watatu: Khelef, Zuwena na Rukia. Wakubwa wakaamua, "Bashrafu ile ina vipande vitatu. Ikipatikana, kila mmoja atapiga kimoja peke yake, nasi tutasikiliza nani apande." Lakini itapatikana wapi?

Khelef akasikia kwamba Makunduchi yuko Bi Jokha, mwimbaji wa zamani wa chama. Akamwendea.

"Shikamoo, bibi. Bashrafu ya Burhani unaikumbuka?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nikikaa bure siikumbuki. Nipe ukili wa mkeka nisuke."

Khelef akamletea ukili. Bibi akasuka, na kila vidole vilipokwenda, sauti ikamtoka puani polepole, kipande kwa kipande, chombo kwa chombo. Akiacha kusuka, sauti inakatika. Akishika tena, inarudi. Siku tisa Khelef alikwenda, siku tisa aliandika. Siku ya kumi alirudi na daftari zima, nota za kila chombo, na mkeka mpya aliopewa zawadi.

Bi Mwatima alilisoma daftari lile akiwa amesimama mlangoni, akasahau hata kuvua viatu. Lakini aliona pia jambo jingine. Siku hizo tisa Zuwena na Rukia walikuwa wakifanya mazoezi asubuhi na jioni. Mkono wa Khelef ulikuwa umelala.

Wakagawana vipande, kila mmoja akafanyia mazoezi chake, mpaka ikafika Ijumaa ya kumuaga Mzee. Alasiri ukumbi ulijaa, ubani unafuka, kina mama wamevaa sare, Mzee Makame mstari wa mbele na kofia yake ya kiua. Chipukizi wakaanza.

Khelef akapiga kipande cha kwanza. Alipiga sawasawa, bila kosa, lakini bila utamu mwingi. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Zuwena akapiga cha pili. Huyo alikuwa na mkono wa asali! Hata wauza kahawa nje walinyamaza. Mara, pa! Uzi wa fidla yake ukakatika.

Kabla Bi Mwatima hajapumua, Rukia, aliyekaa ubavuni, alimpokonya Zuwena fidla ile mbovu, akampachika ya kwake begani. Zuwena akadaka sauti pale pale ilipoangukia, akaendelea. Waliokaa nyuma hawakujua kitu.

Lakini kipande cha tatu, kinachoungana na cha pili bila kituo, kilikuwa cha Rukia, na Rukia sasa ana fidla iliyokatika uzi. Zuwena akamtazama. Rukia akamwashiria kwa kidevu: endelea. Na Zuwena, ambaye kipande kile hakuwahi kukipiga hata siku moja, ila alikisikia tu Rukia akikifanyia mazoezi, akakipiga. Akakipiga mpaka mwisho. Rukia alikaa na fidla ile bubu mapajani, akitabasamu na machozi yakimlengalenga.

Mzee Makame alisimama akacheka, akalia, akacheka tena. "Burhani!" akaita, kama vile mwenzake yuko chumba cha pili.

Wakubwa sita wakapanda juu kuamua. Wawili wakasema Khelef, wawili wakasema Rukia, wawili wakasema Zuwena. Wakamwita Bi Mwatima: "Watoto ni wako. Amua wewe."

Bi Mwatima akashuka, akawaketisha wote watatu juu ya ule mkeka wa Makunduchi.

"Semeni kweli. Nani anakitaka kiti?"

"Mie nakitaka, Maalim," akasema Khelef. "Muziki ulikuwa umekufa, nikaufufua. Mkono unaweza kunolewa. Ningebaki kuunoa, nani angekwenda Makunduchi?"

"Na mie nakitaka," akasema Rukia. "Nilikuwa na zamu yangu, nikaitoa. Nilikijua kipande changu kuliko ninavyolijua jina langu. Leo hakuna aliyenisikia."

Zuwena akainamisha kichwa. "Mie sikuomba fidla ya mtu, Maalim. Lakini niliposhikishwa, sikuiangusha. Wakubwa walisema watasikiliza nani anapiga. Basi waseme wamesikia nini."

Mara Rukia akaanza kucheka, na Khelef, na Zuwena, kwa furaha ya siku ile tu. Bi Mwatima aliwatazama, kifua kimemjaa. Miaka thelathini alifundisha, na hakuwahi kupata watatu kama hawa kwa mara moja. Aliona heri angekuwa na viti vitatu. Alikuwa na kimoja.

Akapanda ngazi, akataja jina. Mwenye jina akakalia kiti, na wawili waliobaki wakampigia makofi mpaka viganja vikawaka. Halua ikaletwa, wakala pamoja.

Jina lile mie silitaji. Nawauliza nyinyi mnaonisikiliza. Bila Khelef, kusingekuwa na cha kupiga. Bila Rukia, bashrafu ingekatikia katikati. Bila Zuwena, Mzee Makame asingemwita Burhani. Je, kati ya hao watatu, kiti kilikuwa haki ya nani?