Fundi Singano na Mkono wa Kike

Alikuwepo fundi wa kamba, jina lake Singano, katika kijiji ambacho watu wake wote waliishi kwa kusokota katani. Kamba zake ndizo zilizoning'inia visimani, ndizo zilizofunga ng'ombe. Mtu akiambiwa "hii ya Singano" hakuivuta kuijaribu.

Kamba ya mkono husokotwa juu ya paja. Unalaza nyuzi pajani, unazisukuma mbele kwa kiganja cha kulia, zinajipinda upande mmoja. Mashoto, yaani mtu aliyezaliwa anatumia mkono wa kushoto, akisokota kwa mkono wake, nyuzi zinajipinda upande wa pili. Kamba inakuwa na nguvu ileile. Ila ukiiunga na ya mkono wa kulia, zinafunguana. Shida ndiyo hiyo tu, ndugu zangu, na ingekwisha kwa kuziweka kamba mafungu mawili. Lakini wale watu hawakutaka mafungu mawili, walitaka amri. Na lugha yetu nayo, mnaijua, ikawapa silaha: mkono wa kulia tunauita mkono wa kuume, wa kushoto tunauita mkono wa kike. Basi mwanamume aliyeonekana akisokota kwa kushoto hakuambiwa kwamba amekosea kazi. Aliambiwa kwamba si mwanamume. Mkono wake ulifungwa kamba mbele ya watu, akapelekwa hadi mpakani, akaambiwa asirudi tena.

Hakuna aliyeishika amri ile kama Fundi Singano. Ukimpa kikombe cha kahawa kwa mkono wa kushoto, hata kwa bahati mbaya, alikimwaga chini mbele ya macho yako. Mtu akijikuna sikio kwa kushoto huko mwisho wa uwanja wa kusokotea kamba, Singano kishageuka. Mkono mmoja ukisogea vibaya kati ya mikono arobaini, yeye anauona. Watu wakamsifu kwa macho makali. Loo, jinsi tunavyopenda kusifu! Hakuna hata mmoja aliyejiuliza fundi yule ameijulia wapi mikono ya kushoto kiasi hicho.

Katika uwanja wake alifanya kazi mtu aitwaye Mhina, mtu mpole, anayemtunza mama yake kipofu. Mhina alikuwa mashoto. Miaka kumi na mmoja alikuwa akisokota kwa mkono wa kulia huku ule wa kushoto ameukalia. Kamba zake zilikuwa nzuri, ila alichelewa kuzimaliza, na wenzake walimtania kwamba anasokota kama anayechambua mchele. Alicheka nao. Mnadhani angefanya nini?

Ikatokea mama yake akaugua, na Mhina akashinda siku tatu bila kupumzika vizuri. Siku ya nne, jua la asubuhi likiwa limeshapanda, mkono wa kushoto ulitoka wenyewe pale ulipokaliwa, ukaanza kazi. Mwenyewe hakujua. Kamba ikawa inatoka pajani mwake laini, haraka, bila kukwama. Singano alikuwa amesimama nyuma yake. Waliokuwepo walisema baadaye kwamba fundi hakupiga kelele papo hapo. Alisimama akitazama, akatazama tena, na uso wake ukalegea kama wa mtu anayesikia harufu ya chakula cha nyumbani kwao. Kisha akashtuka, na ndipo akapiga ukelele ambao uliwatoa watu mashambani.

Alasiri kijiji kizima kikakusanyika. Mhina akasimamishwa katikati, na mama yake akaletwa akiwa ameshikwa mkono, akiuliza kila hatua, "Mwanangu kafanya nini? Jamani, mwanangu kafanya nini?" Wangemwambia nini? Kwamba kasokota kamba?

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Watu walipiga kelele siku ile, tena kelele za kweli. Wengi wao hawakuwa na chuki yoyote na Mhina. Alikuwa amewachimbia makaburi, amewabebea wagonjwa. Lakini kila mmoja alikuwa anatazamwa na jirani yake, na kila mmoja alijua kwamba atakayenyamaza ataulizwa kwa nini amenyamaza. Mtu mmoja aliyekula kwa Mhina juzi yake alimtemea mate, kisha akageuka upesi kuona kama ameonekana akitema. Nawaambia, woga ukivaa nguo za hasira, hata mwenyewe anasahau kwamba ni woga.

Singano akachukua kamba, moja ya zake mwenyewe, akaushika mkono wa kushoto wa Mhina. Mhina hakuuvuta. Alimtazama mama yake tu, kwa maana jua likizama angekuwa ng'ambo ya mpaka, na yule mama hana mtoto mwingine. Fundi akazungusha kamba kwenye kifundo cha mkono, akaanza kukaza.

Hapo ndipo dada yake Singano, Bi Mwantumu, mwanamke aliyekuwa hasemi mbele za watu, akajipenyeza hadi mbele. Hakupaza sauti.

"Kaka," alisema, "si hapo. Wewe baba alikuwa akikufunga juu kidogo, karibu na kiwiko."

Mnaelewa alichokisema? Alikuwa mdogo wake wa kumfuata, utotoni walilala kitanda kimoja. Alimwona kaka yake, mtoto wa miaka sita, mkono wa kushoto umefungwa mwilini misimu miwili ya mvua, analala nao hivyo, anakula hivyo, anaanguka kwa sababu hana cha kujizuilia. Aliona pia siku ile kaka yake aliposokota kamba ya kwanza kwa mkono wa kulia, imepinda vibaya, mbovu, na baba akambeba begani kwa furaha akimwita mwanamume. Mtoto alijifunza siku ile kwamba anapendwa akiwa amefungwa. Na alipofunguliwa kamba ya nje, aliifunga nyingine ndani, akaikaza kwa mikono yake mwenyewe, akaikaza miaka hamsini.

Fundi alikuwa na la kusema. Angeweza kumkana dada yake. Angeweza kusema mwanamke huyu kachanganyikiwa, na watu wangemwamini, kwani heshima yake ilikuwa kubwa na walikuwa wameshapandwa na mori. Kamba ilikuwa bado mkononi mwake. Mwache akaze tu, na mambo yote yarudi kama yalivyokuwa.

Singano alilegeza fundo. Akamfungua Mhina taratibu, kama mtu anayemfungua mgonjwa bandeji. Kisha akaketi pale chini, mavumbini, mzee yule, akaomba nyuzi za katani, akazilaza kwenye paja la kushoto. Akazisukuma kwa mkono wa kushoto. Mkono ambao haukuwa umesokota tangu utotoni ulisokota kamba ambayo kijiji kile kilikuwa hakijaiona. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni, hakuyafuta. Alipofika urefu wa pima moja alisimama, akawanyoshea mikono yote miwili, akasema:

"Haya, nifungeni. Tena anzeni na mimi."

Hakuna aliyesogea. Kamba ilikuwa imelala pale chini, na katika watu wote waliokuwa wakipiga kelele hakupatikana wa kuinama kuiokota. Wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, wakitazama chini. Mhina akamshika mama yake mkono, wakaenda nyumbani kwao, mama akiuliza na yeye akimweleza.

Sitawadanganya kwamba yalikwisha vizuri. Amri haikufutwa siku ile. Wateja wengi walimhama Singano, na wako waliomwita kwa majina mabaya hadi siku anakufa. Alikuwa anajua yatakuwa hivyo kabla hajaketi chini. Ndiyo maana kila nikisimulia kisa hiki, watu wakimsifu dada kwa ulimi wake na Mhina kwa subira yake, na wanastahili wote wawili, mimi moyo wangu unamwendea yule fundi. Kumsamehe aliyekuumiza ni jambo kubwa. Lakini kusimama mbele ya watu wanaokushangilia na kuwaambia kwamba kile mnachokishangilia ni kidonda changu, jamani, mimi sijui kama ningeweza.

Mnajua kwa nini nimekileta leo. Wiki hii, katika mtaa wetu, mwanamume mmoja ametolewa ndani ya chumba chake, vyombo vyake vikatupwa barabarani, kwa sababu imesemekana kwamba anapenda wanaume wenzake. Nimewaona baadhi yenu pale. Sisemi kila aliyepiga kelele ana siri kama ya Singano. Wengine mlikuwa mnatazamwa tu na majirani. Wengine mlirithi hasira hiyo kama mtu anavyorithi shamba, bila kuuliza nani alilifyeka. Siulizi yule bwana amefanya nini ndani kwake. Nawauliza ninyi, na msinijibu mimi, kajibuni mkifika nyumbani: hasira ile ulifundishwa na nani, na siku aliyokufundisha, wewe mwenyewe ulikuwa unalilia nini?