Kikuku cha Kisimani

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika nchi ya Sham aliishi mjane mcha Mungu akiitwa Bibi Rayhana. Vita vilipoingia mjini kwao alikimbia na mwanawe Hudhaifa, mtoto wa miezi mitatu, hakuchukua hata shuka, na kwa ile hofu tu maziwa yakamkauka kifuani. Siku ya pili mtoto akawa halii tena. Mama yeyote anajua: kulia si kitu, kunyamaza ndiko kunakotisha.

Kwenye kisima walipopumzika wakimbizi akaokota kifuko kilichofungwa kamba, na ndani kikuku cha fedha cha mtoto mchanga. Sheria ya kilichookotwa aliijua: ukitangaze, lakini ufiche sifa zake, ili mwenyewe azitaje. Kwa haraka yake akapaza sauti, “Nani kapoteza kikuku cha fedha?” Neno likawa limeshatoka.

Akaja mtu anaswaga mbuzi. “Changu hicho! Nipe, dada, na kwa shukrani mkamulie mwanao mbuzi huyu mpaka ashibe.”

Bibi Rayhana akakitazama kile kiwele kilichojaa, kisha akauliza:

“Kamba ya kifuko ikoje, ndugu yangu?”

“Kamba ni kamba! Mtoto anakufia mikononi, we waniuliza kamba?”

“Basi si chako.”

“Haya, mzike na uchamungu wako!” Akaenda zake na mbuzi wake.

Jua likapanda, mtoto hafumbui macho, mama anamwekea kidole puani, anasikiliza pumzi, anaomba, anasikiliza tena. Ndipo akaja ajuza kipofu, kashikwa mkono na bintiye, naye akaulizwa kamba vilevile.

“Kamba ina mafundo manne, mwanangu. Kila tulipofukuzwa mji nilifunga fundo. Kikuku ni cha mjukuu wangu, tumemzika juzi njiani. Hatuna kingine chake.”

Bibi Rayhana akampa. Lakini yule binti hakukitazama kikuku, alimtazama Hudhaifa.

“Huyu hanyonyi?”

“Sina maziwa, dada.”

“Mimi ninayo. Tangu juzi yananiuma, wa kumpa sina. Mlete.”

Akaketi mchangani, akampakata. Hudhaifa akatafuta, akapata, akanyonya kwa kelele hata ajuza akacheka na machozi yakimtoka: “Mlafi huyu! Basi keshakuwa wetu.”

Ndugu zangu, kitu cha mtu huenda ndicho pekee alichobakiwa nacho cha kumkumbukia mpenzi wake. Na tusidhani mwenye subira haogopi. Bibi Rayhana aliogopa tangu mwanzo hata mwisho, na akarudisha.