Kona ya Bwana Kisinda

"Kupishwa jana si haki ya leo." Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo jirani aliyezoea kupitisha ng'ombe shambani kwetu, na sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka kwa wahenga wa kale. Yalizaliwa hapo chini kwenye lami, mbele ya mashine ya kusaga, nami nilikuwapo. Nawaambieni mapema kwamba katika kisa hiki mimi babu yenu sikufanya vizuri.

Chanzo chake ni hiki. Mashine ile ilikuwa ya Bwana Kisinda, nayo ilikuwa upande wa kulia wa barabara mtu akitoka mjini. Ili aingie uani kwake, ilimlazimu kukata njia ya magari yanayokuja. Sheria ya hapo ni nyepesi, hata anayejifunza udereva huambiwa siku ya kwanza: anayepinda kulia husubiri, anayekuja moja kwa moja hupita. Kisinda hakusubiri. Gari lake jeupe likifika pale lilipinda tu, na sisi tuliokuwa tukija tulikanyaga breki. Mashine ilikuwa hiyo moja, na aliyemuudhi mwenyewe alirudi nyumbani na mahindi yake bila kusagiwa. Basi tukampisha mwaka hadi mwaka, mpaka ikawa desturi.

Asubuhi moja akaja dereva mgeni, Sekela Mwaisumo, akiendesha kenta ya viazi kwenda mjini. Ilikuwa wiki yake ya kwanza katika barabara yetu. Mimi nilikuwa nyuma yake na pikipiki. Nililiona gari jeupe likipinda bila hata indiketa. Sekela alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, lakini kenta iliyojaa viazi haisimami kwa kuombwa. Ililigonga lile gari ubavuni. Viazi vikatapakaa barabara nzima. Kisinda alishuka mzima akijipangusa koti. Sekela alishuka ameushika mkono wake wa kushoto, umevunjika.

Hakuna aliyempa pole. Mpaka leo jambo hilo linanichoma. Watu walimzunguka wakimlaumu kwamba hajui kuendesha, kwamba kila mtu anajua gari lile likipinda watu husimama. Tajiri yake naye alipiga simu, akamwambia kwamba kosa likiwa lake asirudi kazini. Alikuwa na watoto wawili, na leseni ile ndiyo iliyokuwa shamba lao.

Trafiki, Sajini Mbuna, alipofika alichukua leseni ya Sekela, nasi tukatoa ushahidi. Nami nikafungua mdomo wangu huu nikasema, "Afande, dada huyu alipaswa kusimama." Nilisema hivyo ilhali nililiona tukio lote kwa macho yangu. Nilikuwa na gunia langu la mahindi kwenye pikipiki.

Sajini alitembea akitazama chini. Alama za breki za kenta zilikuwa zimenyooka ndani ya upande wake, na vioo vyote vilivyovunjika vilikuwa upande huohuo. Kisha akamgeukia Kisinda.

"Mzee, ulimwona huyu dada akija?"

"Nilimwona. Mimi si kipofu, afande."

"Sasa kwa nini ulipinda?"

"Nilijua atasimama. Hapa wote husimama. Waulize."

"Sheria gani inawasimamisha?"

Kisinda akajipangusa koti tena. Sajini akanitazama mimi. "Na wewe baba, unaposimama, unasimama kwa sheria gani?"

Niliangalia chini, kwenye gunia langu.

"Hawa walikupisha jana, mzee," Sajini akamwambia Kisinda. "Walikupa wenyewe. Leo hukupewa, umechukua. Kosa ni lako."

Akamrudishia Sekela leseni yake, akaanza kumwandikia Kisinda. Mimi nikamfuata yule dada nikamwomba radhi. Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Kaka," akasema, "yeye amenikatia njia mara moja. Ninyi mmemfundisha miaka yote."

Juma lililofuata nilipita pale tena. Kisinda alikuwa katikati ya barabara na gari la kuazima, indiketa inawaka, anataka kupinda. Mguu wangu ulienda wenyewe kwenye breki. Nikauondoa, nikapita. Nyuma yangu wakapita wengine wote, na mmoja wao akamwambia Kisinda dirishani maneno ambayo leo mmeyasikia kwa mama yenu. Siku hiyo nilibeba mahindi yangu mpaka kijiji cha pili kusaga, na nilirudi nimechoka sana.

Kwa hiyo kesho jirani akija na ng'ombe wake, akawaambia kwamba hapa amepita siku zote, msiangalie chini kama nilivyoangalia mimi. Mwambieni kwa heshima, shikamoo kwanza, kisha mumwambie: kupishwa jana si haki ya leo.