Mpiga Ngoma na Njuga Alizozikataza

Hadithi hii isome mpaka mwisho kabla hujaituma kwa mwenzio. Wapo watu hutuma kitu wasichokisoma, halafu wakiulizwa funzo lake wanakodoa macho.

Katika nchi ya mfalme mmoja aliyependa ngoma kuliko chakula, palikuwa na mpiga ngoma aitwaye Mwaringa. Hakufundishwa na mtu. Gogo alilichonga mwenyewe, ngozi aliiwamba mwenyewe, na mikono ilikuwa ya kwake. Alipopiga, wagonjwa waliinua vichwa vitandani, na akina mama waliokuwa wakigombana kisimani walisahau walichokuwa wakigombea.

Lakini alikuwa mtu mgumu. Mgumu kweli.

Mkewe aliitwa Mbodze. Mara ya kwanza Mwaringa alimkuta akitwanga mahindi kwa shangazi yake, na wala hakumtazama usoni. Alitazama visigino. Alisimama pale njiani kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe, mpaka mahindi yakawa unga. Mahari ikapelekwa kabla mwezi haujaandama.

Tangu hapo kila mdundo mpya ulizaliwa mbele ya miguu ya Mbodze. Mke acheze, mume apige. Uani, jua likiwaka, neno la Mwaringa lilikuwa moja tu: "Rudia." Mbodze akichelewa nusu pumzi, "Rudia." Nyayo zikipasuka, "Rudia."

Na jioni ni Mwaringa huyo huyo aliyezipaka nyayo zile mafuta, kimya, kwa mkono mwepesi ambao ngoma yake haikuwahi kuujua. Kumpenda alimpenda. Kutamka ndiko kulikomshinda.

Mbodze alikuwa na njuga alizoachiwa na bibi yake, vile vikengele vya chuma vinavyofungwa miguuni. Siku ya kwanza alipozifunga, Mwaringa aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Vua! Zinachafua ngoma yangu."

"Ni za bibi hizi."

"Basi bibi azicheze huko aliko. Hapa pana ngoma moja."

Mbodze akazivua, akazifunga katika kitambaa. Mwaringa hakuziona tena, wala hakuuliza zilikokwenda.

Siku nyingine, katika kumkaripia, alimwambia, "Ngoma ndiyo inayokuchezesha. Mimi nikinyamaza, wewe ni mwanamke aliyesimama uwanjani tu."

"Na mimi nikiketi, mume wangu, wewe ni mwanamume aliyekumbatia gogo."

Siku hiyo Mwaringa hakula.

Ikafika sikukuu ya mavuno, wakaitwa kwa mfalme. Walicheza na kupiga mpaka uwanja mzima ukasahau kushangilia. Watu walibaki midomo wazi, kama walioona mvua ikinyesha kwenda juu. Mfalme akasimama, akavua kilemba chake.

"Sijaona kitu kama hiki tangu nizaliwe," alisema. "Sasa nimvike nani kati yenu?"

Mwaringa akajitokeza mbele. "Nivike mimi, mfalme. Huyu ni mguu wangu tu."

Mama wa mfalme, kikongwe asiyemwogopa mtu, alicheka mpaka akashika mbavu. "Ni mguu wake! Basi tuukate tuone nani atachechemea!"

Watu wakaangua kicheko. Mwaringa akahisi masikio yakiwaka moto.

Mfalme hakucheka. "Kesho tutaweka ukuta wa mikeka kati yenu. Mwaringa, ukipiga kama leo bila kumwona mkeo, maneno yako ni kweli. Kilemba ni chako, na mguu huu utabaki hapa kwangu kuwafundisha wasichana wa jumba langu, maana mguu mtu hupata mwingine. Ukishindwa, umesema uongo mbele ya mfalme. Ngoma hiyo itapasuliwa kuni, nanyi mtakwenda zenu. Unakubali?"

Mtu mwenye akili angeomba apewe muda. Lakini kicheko kile kilikuwa bado kinamwasha.

"Nakubali," alisema.

Walipokuwa wakielekea nyumba ya wageni, Mbodze alitembea mbele bila kugeuka.

"Hukuniuliza," alisema.

"Usiogope, mke wangu. Nitashinda."

"Ndicho ninachokiogopa."

Hapo ndipo Mwaringa alipoyasikia maneno ya mfalme kwa mara ya kwanza. Akishinda, anampoteza Mbodze. Akishindwa, anaipoteza ngoma. Alitaka kusema kitu. Ulimi ukawa mzito kama siku zote, akauacha.

Kesho yake mikeka ilisimamishwa katikati ya uwanja. Watu waliokaa pembeni waliweza kuwaona wote wawili, ila wao wenyewe hawakuonana. Palikuwa na shoka limeegemezwa kwenye kiti cha mfalme, likisubiri.

Mwaringa akaipasha ngoma kwa moto mpaka ngozi ikakaza. Akaketi, akaitazama mikeka, akapiga.

Mwanzo ulikuwa sawa. Kisha mkono wa kushoto ukasita. Wa kulia nao ukauliza wa kushoto umeona nini. Mdundo ukaanza kugongana wenyewe kwa wenyewe, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja huku wamenuniana.

Jasho likamtoka. Akaitafuta ngoma yake mikononi, hakuiona. Akaitafuta kichwani, nako hakuiona. Ndipo alipojua mahali ilipokuwa siku zote. Miaka yote ile alidhani anaamrisha, kumbe alikuwa akisoma. Kisigino cha Mbodze kikiinuka, mkono wake ulipaa. Bega likizama, mkono ulishuka. Alipokuwa akifoka "Rudia," alikuwa kama mwanafunzi anayeomba mwalimu asome tena mstari uliompita.

Vicheko vikaanza pembeni. Mwaringa akainua mikono, akaiacha hewani. Ngoma ikanyamaza.

Lakini vicheko navyo vilikatika, na yeye hakujua kwa nini.

Upande wa pili Mbodze alikuwa bado anacheza. Hapakuwa na ngoma, hapakuwa na makofi, wala hapakuwa na mtu aliyethubutu kukohoa. Miguu iligusa vumbi na kuliacha, na watu waliapa baadaye kwamba waliisikia ngoma katika ukimya ule, kila mdundo mahali pake. Walinzi wa lango waliacha lango. Mama wa mfalme aliweka mkono kinywani na kuusahau pale.

Kisha Mbodze akasimama. Angeweza kuketi chini, mume akaaibika, ngoma ikapasuliwa, na yeye akarudi kwao huru. Badala yake akachomoa kitambaa kiunoni, akakifungua. Akainama, akafunga njuga za bibi yake miguuni, taratibu, kama mtu aliye nyumbani kwake.

Mwaringa akasikia: cha! Cha-cha!

Kwanza, kwa mazoea, alikasirika. Kinywa kilifunguka kufoka. Halafu mikono ikashuka yenyewe.

Ee, ndugu msomaji! Hiyo ndiyo ngoma iliyopigwa siku ile! Njuga ziliita, ngozi ikaitika. Njuga zikakimbia, ngozi ikazifuata, haikuzipita hata mara moja. Kwa mara ya kwanza maishani Mwaringa hakuamrisha, naye alipiga asivyowahi kupiga. Wazee walilia bila kujificha. Mfalme alijikuta amesimama bila viatu, na hakukumbuka alivivua saa ngapi.

Walipomaliza mfalme aliinua mkono. Akasema, "Nilisema asimwone. Sikusema asimsikie. Mwaringa, umeshinda. Njoo uchukue kilemba chako."

Mikeka ikaangushwa. Mwaringa akamwona Mbodze amesimama kwenye vumbi, kifua kikipanda na kushuka. Mwanamke hakumwomba kitu. Alimtazama tu, kama mtu aliyemaliza sehemu yake ya kazi.

Mwaringa akaenda mpaka kwenye kiti cha mfalme. Hakunyoosha mkono kwenye kilemba. Alichukua shoka.

"We! We!" walinzi wakapiga kelele.

Alikwisha kuwapa mgongo. Akaiendea ngoma yake, ile aliyoichonga ujana wake wote, akaikata kwa pigo moja kutoka ngozi mpaka gogo. Ililia kama kitu chenye roho. Akapiga tena, ikawa vipande.

"Mfalme," alisema, "jana nilikudanganya. Huyu si mguu wangu. Ngoma yote ilikuwa miguuni mwake, mimi nilikuwa nikiiokota. Adhabu ya mwongo nimeshaitekeleza. Nipe ruhusa niende na mke wangu, kama yeye atakubali kwenda na mimi."

Uwanja mzima ukamgeukia Mbodze. Mama wa mfalme akamwita karibu.

"Binti yangu, niambie ukweli. Kwa nini ulifunga njuga? Ungenyamaza tu, ungekuwa salama."

"Nilimrudishia ngoma yake, mama," alijibu Mbodze. "Nilitaka nione yeye ataniachia nini."

Kikongwe akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Haya, kilemba hicho unakingojea kiote mizizi?"

Mfalme akakitwaa kilemba kwa mikono miwili, akamvika Mbodze mbele ya watu wote. "Neno langu halina pande mbili," alisema. "Mwongo amepasua ngoma. Nendeni zenu."

Wakashika njia ya kurudi kwao. Mbodze alitangulia, kilemba cha mfalme kichwani, njuga zikilia kila hatua. Mwaringa alimfuata nyuma, mikono mitupu. Hakuwa tena na gogo wala ngozi. Baada ya muda, kwa woga kidogo, akaanza kujipiga paja kwa kiganja, akizifuata njuga: pa, pa-pa, pa.

Mbodze hakugeuka. Lakini sauti yake ilikuwa na kicheko ndani.

"Hapo umechelewa, mume wangu," alisema. "Rudia."

Naye akarudia.

Funzo: Usimwite mguu wako mtu anayekubeba, mheshimu ungali na ngoma mkononi, usingoje mpaka shoka likufundishe.